Je, polisi wamfukuze mwenye pikipiki anayekwenda kasi? Jibu kwa mama wa barabara ya Kakamega

Swali limetoka kwa mama anayeuza samaki kando ya barabara ya Kisumu kwenda Kakamega. Anaeleza kwamba mwezi uliopita kijana wa bodaboda alipita sokoni mwao mbio, abiria akiwa nyuma, na gari la polisi likimfuata king'ora kikilia. Kijana alitaka kukwepa tuktuk, akapanda ukingo wa barabara, akamgonga jirani wa mama huyu kwenye meza yake ya mboga na kumvunja mguu. Abiria aliumia kichwani. Polisi walisema kosa lote ni la kijana kwa kuwa alikataa kusimama. Mama ana mwana ambaye pia ni mtu wa boda, na papo hapo amechoshwa na vijana wanaopita sokoni kana kwamba hakuna watu. Anauliza: "Wakifukuzwa tunaumia. Wakiachwa tunaumia. Polisi wafanye nini? Mwanangu nimwambie nini? Na sisi tulioona tufanye nini?"

Mama, poleni sana, wewe na jirani yako. Kazi yangu ni kuchunguza ajali za barabarani huku Nyanza na Magharibi, na kufundisha watu wa boda pamoja na maafisa wa trafiki, kwa hiyo swali lako nimelisikia kutoka pande zote. Nitatoa jibu kwanza, kisha nieleze.

Kwa kosa la kasi peke yake, polisi wasimfukuze mwenye pikipiki. Wampungie mkono asimame, ndiyo. Wanakili nambari yake, ndiyo. Wamfuate kesho yake stejini akiwa ameegesha, wamfungulie mashtaka, hapo nawaunga mkono kabisa. Lakini wasiwashe king'ora wakamkimbiza katikati ya watu. Kufukuza kuna nafasi yake pale ambapo kumwacha mtu aende ni hatari kuliko mbio zenyewe: ametoka kumpiga mtu risasi, amemteka mtoto, anaelekea kuua tena. Mwendo wa kasi si jambo la namna hiyo, kwa sababu ukimfukuza mtu anayekwenda kasi, unachofanya ni kumwongezea kasi.

Angalia hesabu yenyewe. Sheria ya Trafiki ya Kenya inasema ndani ya miji na vituo vya biashara hakuna chombo kinachoruhusiwa kupita kilomita 50 kwa saa. Kwa mwendo huo pikipiki hukata karibu mita 14 kila sekunde. Pikipiki nyingi za boda tunazoziona, Boxer na TVS, hufika 90 bila taabu, na kwa 90 zinakata mita 25 kila sekunde. Mtu akiona mtoto ametokea mbele yake, sekunde moja hadi moja na nusu hupita kabla mkono na mguu havijakaza breki. Kisha breki nazo zina kanuni yake: kasi ikiwa maradufu, umbali wa kusimama kwa breki huwa mara nne. Kwenye lami kavu na tairi nzuri, anayekwenda 50 atakuwa amesimama baada ya mita 37 hivi. Anayekwenda 90 atahitaji kama mita 90. Sasa ongeza abiria, gunia la omena, tairi iliyokwisha meno, na ile mvua ya alasiri ya Kisumu. Soko lenu lote linaweza kuingia ndani ya mita hizo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kasi ya wastani barabarani ikipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa asilimia 4 hivi. Na anayetembea kwa miguu akigongwa na gari linalokwenda 65 badala ya 50, hatari ya kufa kwake huwa zaidi ya mara nne. Tangu 2021 nchi hii imekuwa ikizika zaidi ya watu 4,000 kila mwaka kwa ajali za barabarani. Kwa hiyo, mama, usidhani naidharau hasira yako juu ya vijana wa mbio. Wanaopita sokoni kwa 80 wanaua, na ni haki yako kudai wazuiwe.

Ila kijana akishafukuzwa, kuna mambo mawili yanabadilika. La kwanza ni macho yake. Mtu anayefukuzwa haangalii mbele. Pikipiki nyingi zetu zilishavuliwa vioo vya pembeni ili zipenye kati ya magari, basi kila sekunde chache anageuza shingo kutazama kama Landikruza ya polisi imekaribia. Kwa 80, kugeuka kwa sekunde moja ni mita 22 zilizopitwa bila kuonwa. Ukisoma michoro ya ajali za namna hii, mara nyingi huoni alama ya breki kabla ya mahali pa kugongana. Hakuona.

La pili ni njia anayochagua. Gari haliwezi kupita palipo na nafasi ya mwili mmoja, na kijana anajua. Kwa hiyo anaacha lami na kuingia mahali penye watu: kati ya meza, njia ya waenda kwa miguu, uchochoro wa mitaa kama Manyatta au Obunga, au upande usio wake wa barabara. Kwa maneno mengine, gari la polisi humsukuma kutoka barabarani na kumpeleka kwenu. Nimewaambia maafisa ninaowafundisha mara nyingi kwamba Landikruza haijawahi kuishika pikipiki sokoni. Ama pikipiki inapotea, ama inaanguka, ama mwenyewe anaamua kusimama. Na angeamua kusimama, angesimama alipopungiwa mkono.

Halafu kuna abiria. Kwa kweli hili ndilo linaloniuma kuliko yote, na ndilo tunalosahau tunapoangalia video za polisi wa ng'ambo wakimfukuza mtu aliye peke yake juu ya pikipiki kubwa. Hapa kwetu juu ya boda kuna mtu aliyelipa nauli. Ni mama anayetoka kliniki, ni mwanafunzi aliyechelewa, mara nyingine ni watoto wawili wa chekechea wamebanwa kati ya mwendeshaji na tangi la mafuta. Hakuchagua kasi, hakukataa kusimama, na hawezi kuruka. Anapiga kelele "simama, niteremshe" na hasikilizwi. Mara nyingi hana hata helmeti, ingawa sheria inataka yeye na mwendeshaji wote wavae. Tafiti nyingi zilipochambuliwa pamoja zilionyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Afisa anapoiona pikipiki yenye abiria bila helmeti na kuamua kuifukuza, ajue anamfukuza pia mtu asiye na kosa na asiye na kinga. Kwangu mimi, kuwapo kwa abiria peke yake kunatosha kusimamisha mbio, hata kama mwendeshaji ni mwizi wa simu.

Ninapolisema hili mbele ya maafisa, kuna swali ambalo halikosi kuulizwa, na ni swali zuri: wakijua hatufukuzi, si wote watakimbia? Nchi nyingine zimeshalipima. New Zealand ilibana sana ruhusa ya kufukuza mnamo Desemba 2020. Waliokataa kusimama waliongezeka, watu wakalalamika, na mwaka 2023 polisi wa huko wakalegeza tena. Sifichi hilo. Kukataza kufukuza na kisha kukaa kimya huwafundisha watu kwamba kukimbia kunalipa. Lakini tazama Queensland, jimbo la Australia, ambako tangu mwisho wa 2011 polisi hawaruhusiwi kufukuza kwa makosa ya kawaida ya barabarani. Huko kukimbia polisi ni kosa lenye adhabu nzito kuliko kasi yenyewe, na mwenye chombo anaandikiwa aseme nani alikuwa akiendesha. Asiposema, anahesabiwa kuwa ndiye. Mtu anafika nyumbani salama, na kesi inamfuata huko.

Uingereza nako walikwenda njia nyingine. Kufikia mwaka 2018 polisi wa London walikuwa wakizigusa kwa gari pikipiki za wezi waliokuwa wakipora watu barabarani, na sheria ya 2022 ikawapa madereva wa polisi kinga zaidi, mradi wawe wameendesha kama dereva wa polisi aliyefunzwa na mwenye uangalifu. Watu hupenda kunitajia mfano huo. Mimi nawaomba watazame kinachosimama nyuma yake: dereva aliyepewa mafunzo maalumu ya kufukuza, chumba cha redio ambamo mkubwa anasikiliza na anaweza kuamuru "acha" wakati wowote, helikopta juu, na kumbukumbu ya kila sekunde. Tena walikuwa wezi, si kijana aliyepita 70 mahali pa 50. Ukichukua mbio hizo ukaacha yote yaliyozizunguka, unabaki na konstebo kijana, gari zito, damu iliyochemka na soko.

Nirudi kwenye sheria zetu, maana polisi waliwaambia kwamba kosa lote ni la kijana. Kijana ana kosa, tena si moja. Kukataa kusimama afisa mwenye sare anapokuamuru ni kosa. Kuendesha kwa hatari ni kosa. Angeua mtu, Sheria ya Trafiki ingeweza kumpeleka jela hadi miaka 10. Lakini kosa lake halifuti wajibu wa afisa. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, katika Jedwali lake la Sita, inamwamuru afisa atangulize njia zisizo za nguvu, na nguvu ikitumika ilingane na lengo, na uzito wa kosa, na upinzani anaokutana nao. Mtu akiumia, ni wajibu wa maafisa waliopo kumpatia matibabu na kutoa taarifa kwa mkubwa wao. Katiba nayo, ibara ya 26, inalinda uhai wa kila mtu, na uhai huo ni wa jirani yako, wa abiria, na wa kijana mwenyewe. Kwa hiyo swali la mpelelezi lisiishie kwa "kwa nini hakusimama?" Aulize pia: nani aliamua kufukuza, kwa kosa gani, kwa kasi gani, wakiona nini mbele yao?

Na kuna tabia moja mbaya kuliko hata kufukuza kwa gari. Ni kumrushia rungu mtu aliye juu ya pikipiki inayotembea, kumvuta jaketi anapopita, kumpiga teke, au kuruka ghafla katikati ya barabara kutoka nyuma ya mti. Wewe mwenyewe, mama, umeshaona. Pikipiki hubaki wima kwa sababu ya mwendo na usukani. Ukimgusa mwendeshaji bega kwa kilomita 50 kwa saa, usukani unageuka, gurudumu la mbele linakatika upande, na watu wawili wanaangukia lami kwa vichwa. Rungu kwa mtu aliyesimama ni rungu. Kwa mtu aliye kwenye mwendo huo linaweza kuua kama risasi, na lingepaswa kupimwa kwa kipimo kile kile. Hakuna faini ya barabarani inayostahili kukusanywa kwa njia hiyo.

Sasa tufike mahali ambapo, kwa maoni yangu, tatizo lote limelala. Kwa nini wanakimbia?

Nimekaa na vijana kwenye steji za Kondele, Mamboleo, Chavakali na Luanda, na nikiwauliza waliokimbia kwa nini walikimbia, ni nadra mtu kutaja kasi. Mmoja hana leseni. Mwingine bima imeisha juzi. Wa tatu pikipiki ni ya mkopo, analipa kila siku jioni, na leo hajafikisha hata nusu. Anajua pikipiki ikiingia uani kwa kituo cha polisi, inaweza kukaa huko wiki, jua linaipiga, betri inatolewa, na deni linaendelea kuhesabiwa. Ukiweka hayo kwenye mizani, kwa kichwa cha kijana wa miaka 22, kukimbia kunaonekana kuna akili. Anakimbia kuokoa chombo chake cha kazi. Faini ni ya pili.

Lazima niseme pia habari ya hongo, maana bila hiyo maelezo haya hayakamiliki. Kijana aliyezoea kutoa kitu kidogo kila kizuizi hamwoni afisa kama mlinzi wa barabara. Anaona mtu wa kutoza. Siku ambayo mfuko ni mtupu, anajaribu bahati. Na afisa aliyezoea kupokea humwona anayekimbia kama mtu aliyemnyima, basi anamfuata kwa hasira ambayo haina uhusiano na usalama wa mtu yeyote. Mbio nyingi zinazoitwa za kasi huanzia hapo. Maafisa waadilifu wapo, ninawajua, na wao ndio wanaokubaliana nami haraka zaidi kuhusu hili, kwa sababu hulaumiwa kwa matokeo ya tabia ambazo si zao.

Basi ukitaka mbio zipungue, fanya kusimama kuwe kwepesi. Kanuni za makosa madogo za 2016 zimeweka viwango: ukizidisha kasi kwa kilomita 6 hadi 10 ni shilingi 500, kwa 11 hadi 15 ni 3,000, kwa 16 hadi 20 ni 10,000. Ni pesa nyingi kwa mtu wa boda, lakini zinajulikana, na mtu anaweza kupanga. Kisichopangika ni kunyang'anywa pikipiki kwa muda usiojulikana. Na Katiba, ibara ya 49, inasema mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake au kifungo kisichozidi miezi 6. Mtu aliyepitisha kasi kidogo anapaswa kupewa karatasi ya kufika mahakamani, aandikiwe, aende zake, na pikipiki aende nayo isipokuwa ni mbovu kiasi cha kuhatarisha watu. Kituo kikizoea kufanya hivyo, habari husambaa stejini siku hiyo hiyo. Vijana huambiana: pale simama tu, wanakuandikia unaenda.

Upande wa pili wa jambo hilo ni kwamba atakayekimbia apatikane, kila mara, bila mbio. Hapa polisi wetu wana nguvu zaidi ya wanavyodhani. Kutoka Kondele kuelekea Kakamega, lami inapita Mamboleo, Kiboswa, Majengo, Mbale, Chavakali. Redio hufika Kiboswa kabla ya pikipiki yoyote. Afisa wa kwanza anaita nambari na rangi ya jaketi, wa pili anamngoja mbele, amesimama mahali anapoonekana kutoka mbali, na koni zimepangwa barabarani ili mwendo upungue taratibu. Hata asipokamatwa siku hiyo, sheria inamhesabu aliyeandikishwa kuwa ndiye mwenye chombo mpaka ithibitishwe vinginevyo, na inamdai mwenye chombo atoe habari za aliyekuwa akiendesha. Mwenyekiti wa steji naye anawajua watu wake kwa majina na kwa mama zao. Ni watu wachache Kisumu wanaoweza kuendesha boda wiki nzima wasijulikane walipo.

Kikwazo ni nambari zenyewe. Pikipiki nyingi zimeuzwa mara mbili, tatu, na kwenye kumbukumbu za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, bado ziko kwa jina la mtu wa kwanza au la kampuni ya mkopo, ingawa sheria inatoa siku 14 tu za kuhamisha umiliki. Nyingine zina nambari iliyokunjwa, iliyopakwa matope, au hazina kabisa. Hapo ndipo ningeelekeza ukali wote. Mtu wa nambari iliyokunjwa ameshajitayarisha kukimbia kabla hajakutana na afisa. Na ukaguzi wa nambari hauhitaji mbio: unafanywa stejini saa mbili asubuhi, au kwenye kituo cha mafuta, pikipiki zikiwa zimesimama na injini zimezimwa. Leseni na bima zikaguliwe hapo hapo. Asubuhi moja ya kazi hiyo pale sokoni Kibuye inafaa kuliko mwezi mzima wa ving'ora.

Ninasema ukaguzi wa kila mara, si msako. Machi 2022, baada ya kundi la watu wa boda kumshambulia mwanamke ndani ya gari lake jijini Nairobi, serikali ilitangaza msako wa nchi nzima, na siku chache baadaye ukasimamishwa. Kilichowapata wanawake na abiria wengine kabla na baada ya hapo hakikubadilika. Misako ya namna hiyo huwafundisha vijana kulala nyumbani kwa wiki moja. Wanaporudi barabarani hakuna jipya walilojifunza.

Kuhusu soko lenu, jambo la haraka kuliko polisi ni matuta na kivuko chenye alama. Barabara hiyo iko chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu, kwa hiyo ombi liandikwe kwao, likipitia kwa chifu na MCA wenu, yaani mwakilishi wa wadi, likiwa na sahihi za wafanyabiashara na tarehe za ajali mnazozikumbuka. Tuta halichoki, halipokei hongo, na humpunguzia mwendo hata yule asiyeogopa mtu.

Mwanao mwambie hivi. Akipungiwa mkono, asimame, hata kama hana leseni, hata kama leo ni siku mbaya. Apunguze mwendo mapema, atoe ishara, aegeshe kando, azime injini, amteremshe abiria kwanza. Aseme "afisa, habari yako" na mikono yake ionekane. Akiambiwa ana kosa, aulize ni kosa gani na aombe aandikiwe. Ana haki ya kuambiwa kwa nini anakamatwa, kwa lugha anayoielewa, na ya kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24 akizuiliwa. Asitoe pesa mkononi. Na ikiwa kweli leseni hana, aache kubeba watu mpaka aipate. Hilo mwambie kama mama, mimi siwezi kulilainisha. Bima yake pia isikose hata siku moja, maana ile ya mtu wa tatu ndiyo itakayomlipa mtu kama jirani yako.

Nikija kwenu mlioona. Jirani yako akiwa bado hospitali ya Jaramogi, ile tunayoiita Russia, ndugu zake waombe na kuhifadhi karatasi zote za hospitali, picha za eksirei na risiti. Wahakikishe ajali imeandikwa kituoni na wapewe nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, kisha waombe abstrakti ya polisi, yaani muhtasari wa ajali, na fomu ya P3, ile ya majeraha, ijazwe na daktari. Watafute nambari ya pikipiki na jina la kampuni ya bima iliyo kwenye stika. Bima ya lazima ya mtu wa tatu inaweza kulipa hadi shilingi milioni 3 kwa madai ya kuumia au kufa, na aliyegongwa akiwa kwenye meza yake anahusika kabisa. Abiria naye anahusika, kwa hiyo mtafuteni, huenda hajui.

Kuhusu gari la polisi, malalamiko yanapelekwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendakazi wa polisi. Iliundwa kwa sheria ya 2011, na majeraha mabaya au vifo vinavyotokana na kazi ya polisi ni sehemu ya kazi yake ya uchunguzi. Wana ofisi Kisumu, na huhitaji wakili wala kulipa. Ukienda, usiende na hasira peke yake. Nenda na mambo: saa, mahali, gari lilikuwa umbali gani nyuma ya pikipiki, king'ora kilianza kulia wapi, lilipunguza mwendo lilipoona soko au halikupunguza, maafisa walifanya nini baada ya mtu kuanguka, nambari ya gari kama kuna aliyeishika. Duka lolote lenye kamera hapo karibu liombwe mapema lisifute picha, maana nyingi hujifuta zenyewe baada ya siku chache. Kila aliyeona aandike maelezo yake mwenyewe, kabla hamjakaa pamoja kukumbushana, kwa sababu maelezo yanayofanana neno kwa neno hudhaniwa yamepangwa. Aandike pia makosa ya kijana, kasi yake na jinsi alivyokata kona. Na mtakapoandika taarifa kituoni, isomwe tena kwa sauti kabla ya mtu kutia sahihi, iwe kwa Kiswahili au kwa Dholuo, na kama kuna neno lililobadilishwa, lirekebishwe hapo hapo.